Kukawia kwa Seva ya Nyumbani

Mtu wa zama hizi akiona kompyuta yake inakawia kumletea kitu alichokitaka, neno la kwanza limtokalo kinywani ni kwamba mtandao uko chini. Hulisema hata kama kitu chenyewe kimo katika chumba cha pili cha nyumba yake mwenyewe, hatua chache kutoka hapo alipoketi, wala hakikupata kuvuka mpaka wa kijiji. Mimi nilikuwa mmoja wa wasemao hivyo, na nililisema kwa muda wa miezi kadhaa kabla sijaona haya. Habari ninayoieleza hapa ni ya chombo kidogo cha nyumbani. Lakini kila nilipotafuta sababu ya kukawia kwake nilijikuta nimeingia katika historia, kwa maana kila kipande cha chombo hicho kiliundwa na mtu fulani, mwaka fulani, ili kuondoa kukawia kulikowaudhi watu wa wakati wake. Na sehemu kubwa ya taabu yetu ilitoka mahali ambapo dawa ya mwaka mmoja ilikuwa imetumiwa katika mwaka mwingine.

Nyumba yetu iko Sale, katika Wilaya ya Ngorongoro, upande wa kaskazini wa Mkoa wa Arusha, nchi ya Batemi ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo. Msomaji asiyepajua na afikirie mabonde yenye chemchemi chini ya vilima vikavu, mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji, na kando yake malisho ya Wamasai. Umeme wetu ni wa jua. Katika chumba cha nyuma tuliweka seva, yaani kompyuta ambayo hakuna mtu aketiye mbele yake; kazi yake ni kutunza mafaili ya nyumba nzima mahali pamoja na kumpa kila aombaye, ama kwa waya, ama kwa njia ya hewa iitwayo waifai. Ilikuwa kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye diski mbili. Ndani yake tulitia picha za jamaa, daftari za shule, na, kilichokuwa na thamani kuliko vyote, sauti na video za wazee wakisema Kitemi: majina ya mashamba, majina ya mifereji, nani alirithi maji kwa nani. Kitemi ni lugha ya watu wachache, na mambo mengi ya namna hii hayajaandikwa popote.

Video ya mazungumzo ya saa moja ilikuwa na ukubwa wa gigabaiti nane hivi. Kuitia katika seva kwa waifai kulichukua zaidi ya saa moja na dakika ishirini, muda uliozidi mazungumzo yenyewe. Vijana wetu walikuwa wavumilivu mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu waliacha video katika kadi ndogo za simu, wakasema wataihamisha siku nyingine. Kadi moja ilipotea safarini kati ya Sale na Karatu. Ndani yake mlikuwa na maneno ya bibi mmoja wa ukoo wetu, naye alifariki kabla hatujapata nafasi ya kumwuliza tena. Seva haikupoteza faili hata moja. Iliwachosha watu tu, na watu waliochoka walirudi kwenye desturi ileile iliyotufanya tuitafute seva.

Si ajabu kwamba tulilaumu mambo ya mbali. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwa mashine kwenda mrama, ikatolewa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini. Nathubutu kusema kwamba amri ile ilikuwa na kasoro ileile niliyokuwa nayo mimi: ilihukumu chombo kizima pasipo kuuliza ni kiungo gani kilichoshindwa. Baadaye amri ililegezwa, na intaneti ilipofika katika miaka ya 1990 mazungumzo yake na ng'ambo yalipita zaidi angani. Setilaiti za namna ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka, jumla yake kilomita 143,000 na zaidi. Mwanga wenyewe huchukua karibu nusu ya sekunde kwenda mwendo huo, na hakuna fundi awezaye kuuharakisha. Ndipo Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipoanza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Lakini watu waliojifunza kutumia kompyuta kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kufundishwa, na kwa haki, kwamba kukawia hukaa mbali. Somo hilo walitufundisha na sisi, nasi tukalihifadhi baada ya sababu yake kuondoka.

Aliyenitoa katika mazoea hayo ni mjomba wangu, mtu asiyetumia kompyuta. Alikuja jioni moja na wageni ili wasikilize mazungumzo ya mzee mmoja wa Samunge, nasi tukakaa tukikitazama kiduara kikizunguka katika kioo.

"Mjomba, uniwie radhi," nikasema, "mtandao uko chini."

"Hicho chombo chenye maneno ya mzee kiko wapi?"

"Kiko chumba cha nyuma."

"Na huo mtandao?"

Nikaonyesha kwa mkono upande wa mnara wa simu, kilimani. Akacheka kidogo. "Basi ukate huo wa kilimani, mwanangu, tuone kama chumba cha nyuma kitakuwa mbali zaidi."

Nikaukata. Nyumba ikawa haina njia ya kutoka nje kabisa, na faili likakawia vilevile, wala halikuzidi wala halikupungua. Hapo nikawa sina wa kumsingizia. Mjomba akauliza maneno hayo hupita wapi tangu yanapotoka hata yanapofika, na nilipojaribu kumweleza nikatambua kwamba sikujua.

Watu wa Sale hawahitaji kufundishwa uchunguzi wa namna hii. Robert F. Gray, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wasonjo mwaka 1963, aliandika kwa kirefu habari za wenamiji, baraza la wazee wa kurithi wenye mamlaka juu ya maji ya mifereji, na jinsi haki ya maji inavyopimwa kwa zamu za muda. Mtu ambaye zamu yake imefika na maji yake ni machache hafai kuketi shambani akilaumu mvua. Hupanda na mfereji, akitazama kila mahali unapogawanyika, mpaka afike pale ambapo maji juu yake ni mengi na chini yake ni machache. Nilifanya hivyo. Nikachukua daftari, nikaupima kila mwendo peke yake: diski bila waya, waya bila diski, kisha vyote pamoja.

Diski ilisoma megabaiti 150 kwa sekunde ndani ya seva yenyewe. Basi chemchemi haikuwa kavu. Kisha nikaupima waya kwa programu ndogo ambayo hutuma takwimu kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja mpaka kumbukumbu ya nyingine, pasipo kugusa diski. Jibu lilikuwa megabaiti 11 na kitu, na hiyo hesabu ndiyo iliyonifungulia mlango wa kwanza wa historia, kwa maana si hesabu ya kubahatisha.

Hapo zamani diski ilikuwa ghali mno. Diski ya kwanza kuuzwa, ile ya mashine ya RAMAC ya kampuni ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani hamsini zenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni tano tu. Kwa kuwa kila mtu hakuweza kuwa na yake, ilipasa watu washirikiane, na kushirikiana kulitaka njia. Tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe, katika maabara ya Xerox huko California, aliandika waraka wa kueleza njia moja ambayo kompyuta nyingi zingeitumia kwa pamoja. Njia hiyo ikaja kuitwa Ethernet. Ya kwanza ilikwenda karibu biti milioni tatu kwa sekunde. Ikaja ya milioni kumi. Mwaka 1995 ikaja ya milioni mia. Na mwaka 1999 ikaidhinishwa ya milioni elfu juu ya nyaya za kawaida za shaba. Tofauti moja ndogo kati ya hizi mbili za mwisho ndiyo iliyokuwa inatuponza. Ndani ya ganda la waya mna jozi nne za nyuzi. Ile ya mwaka 1995 hutumia jozi mbili tu. Ile ya mwaka 1999 hutumia zote nne.

Biti milioni mia zikigawanywa kwa nane hupata megabaiti 12 na nusu, na ukiondoa anwani na vifungashio vya pakiti, hubaki kama 11 na nusu. Kumbe vyombo vyetu, ambavyo vyote viliuzwa kuwa ni vya biti milioni elfu, vilikuwa vikisemezana kwa lugha ya mwaka 1995. Havikuwa na nia mbaya. Waundaji wao waliwapa adabu hii: jozi moja ikikatika, wapatane juu ya mwendo wa zamani na kazi iendelee, wala hakuna taarifa inayotolewa kwa mwenye nyumba isipokuwa rangi ya taa ndogo nyuma ya mashine. Nikafuata waya, nikaukuta umebanwa chini ya mlango wa chumba cha nyuma, mlango tunaoufunga kila usiku. Nikaweka mwingine, nikaupitisha juu. Programu ikasoma 112.

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini faili lenyewe, lilipohamishwa kwa waya uleule mpya, lilikwenda 25. Na wale waliotumia waifai, ambao ndio wengi, hawakuona badiliko lolote. Kwao mwendo ulikuwa megabaiti 1.6, kama siku zote. Mfereji ulikuwa mpana, na chemchemi ina maji, na shamba halinyweki.

Hapa yanipasa nimpeleke msomaji mbali kidogo, California tena, Oktoba 1986. Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni majirani. Umbali kati yao katika habari hii ni yadi 400, hata mita mia nne hazifiki. Mwendo wa takwimu kati yao ulikuwa biti 32,000 kwa sekunde. Ghafla ukashuka mpaka biti 40. Si elfu arobaini. Ni arobaini, herufi tano kwa sekunde, mtu angaliweza kuandika barua kwa mkono akaipeleka kwa miguu. Van Jacobson, aliyefanya kazi katika maabara ile, alishangazwa na jambo hilo, naye pamoja na Mike Karels wakatafuta sababu. Waliona kwamba hakuna kilichovunjika. Kila mashine, ikikosa jibu la pakiti iliyoituma, iliituma tena mara moja. Pakiti za marudio zikaongeza msongamano. Msongamano ukachelewesha majibu. Na kuchelewa kwa majibu kukazaa marudio mengine. Dawa waliyoieleza katika makala ya mwaka 1988 ni kumfundisha mpelekaji kujizuia: aanze kidogo kidogo, aongeze kadiri majibu yanavyorudi, na apunguze sana akiona dalili ya msongamano.

Sisi wa Sale tuliona jambo la jinsi hii kwa macho. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipokuwa akitoa kikombe cha dawa ya miti katika kijiji cha Samunge, watu walikuja kwa maelfu kutoka Tanzania nzima na nchi za jirani, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Wengi walilalamikia barabara. Barabara ilikuwa mbaya, ni kweli. Lakini barabara njema ingaliwafikisha watu upesi zaidi mbele ya mkono uleule mmoja. Katika mwezi wa Machi mwenyewe aliomba watu wengine wasije kwanza mpaka waliokuwapo wapungue, nalo ni shauri ambalo Jacobson asingelipinga. Sisemi lolote hapa juu ya dawa yenyewe. Nasema juu ya foleni.

Jim Gettys, mmoja wa waundaji wa mfumo wa X, alikutana na ndugu wa tatizo hilo mwaka 2010 alipokuwa akihamisha mafaili kutoka nyumbani kwake: pakiti ndogo ya swali ilichukua zaidi ya sekunde nzima kwenda na kurudi, kwa kuwa vyombo vya njiani vilikuwa na ghala kubwa mno la kungojea. Kumbukumbu ilikuwa imekuwa rahisi, na watengenezaji wameitia kwa wingi wakidhani wanasaidia. Basi badala ya kumwambia mpelekaji mapema kwamba njia imejaa, chombo kilinyamaza na kulundika. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson yuleyule wakatoa kanuni ya kupunguza malundo hayo. Nyumbani kwetu hili lilionekana kila mtu alipokuwa akituma video nje, maana wengine wote walikwama. Ndilo jambo pekee katika orodha yangu lililohusu njia ya kwenda nje, na hata hilo lilikaa ndani ya ruta yetu wenyewe, juu ya kabati.

Turudi kwenye 1.6. Kanuni ya usafirishaji ni kwamba mpelekaji hatumi zaidi ya kiasi ambacho mpokeaji amesema ana nafasi ya kukipokea. Akishakituma, hungoja jibu. Ni kama mtu achotaye maji kwa kata: kisima kikiwa kimejaa pomoni, bado atapata kata moja kwa kila safari. Nilipima safari ya kwenda na kurudi kwa waifai yetu nikaona ni elfu tano za sehemu ya milioni ya sekunde, au tuseme sekunde 0.005. Kata ya baiti 8,192, kwa safari mia mbili katika sekunde, hutoa megabaiti 1.6. Hesabu ilikubali barabara. Kwa waya, ambako safari ilikuwa fupi mara kumi na tano au zaidi, kata ileile ilitoa ile 25. Lakini ni nani aliyeweka kata ndogo hivyo katika seva yetu?

Nikafungua faili la maagizo la programu ya seva, nikasoma mstari kwa mstari, nikaona namba 8192 imeandikwa mara mbili. Aliyeiandika ni mimi.

Programu yenyewe ina historia ya kupendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Barry Feigenbaum wa IBM aliunda itifaki ya kuziwezesha kompyuta ndogo kusoma mafaili ya kompyuta nyingine, na baadaye itifaki hiyo ikajulikana kwa herufi SMB. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, aliyekuwa akisoma Canberra, Australia, alitoa programu yake ya kuisema itifaki hiyo, aliyoigundua kwa kusikiliza pakiti zikipita katika waya. Ilipombidi kuipa jina jipya, aliamuru kompyuta itafute katika orodha ya maneno ya Kiingereza kila neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, na miongoni mwa yaliyotoka akachagua Samba. Nimefikiri mara nyingi kwamba lau angalitafuta katika kamusi ya Kiswahili angalipata simba, na sumbua.

Katika miaka ya mwanzo ya programu ile, kompyuta hazikujua kujipimia kata. Ilimpasa fundi aandike mwenyewe, na kwa mashine na nyaya za wakati ule namba 8192 ilifaa. Mafundi wakaambizana. Shauri likaandikwa katika vitabu na maelezo, likanakiliwa, na nakala zikanakiliwa tena. Baadaye, kama katika mwaka 2004, kiini cha Linux kilikwisha kujua kuikuza kata ya kupokelea kwa kadiri ya safari ilivyo ndefu. Na tangu hapo mtu aandikaye namba kwa mkono huizuia mashine kufanya kile inachokijua kuliko yeye. Namba haikubadilika, wakati ndio uliobadilika chini yake. Mimi niliinakili bila kuuliza umri wake. Tumezoea kuuliza tarehe ya hati ya kale kabla ya kuitegemea katika historia, lakini shauri la fundi tunalitegemea kama kwamba halina siku ya kuzaliwa.

Nikaifuta mistari ile. Kwa waya faili likaenda 105. Kwa waifai likaenda 22, na video ya saa moja ikaingia kwa dakika sita.

Kwa picha mambo hayakuwa mazuri hivyo, na sitaficha. Tulikuwa na folda moja ya picha ndogo elfu sita, na kuinakili kwa waifai kulichukua muda mrefu kuliko ukubwa wake ulivyoonyesha. Sababu yake ni tabia ya mazungumzo. Kwa kila faili mteja huuliza kama lipo, huomba lifunguliwe, huuliza sifa zake, husoma, hufunga. Tukisema ni maswali kumi kwa faili, kila moja likingoja sekunde 0.005, basi picha elfu sita zinataka dakika tano za kungoja tu, hata zingalikuwa tupu. Itifaki ya zamani ilikuwa na amri zaidi ya mia moja. Ile ya pili, iliyotoka pamoja na Windows Vista, ilizipunguza zikawa 19, na ikaruhusu maswali kadhaa yatumwe kwa pamoja. Nilihakikisha kwamba vyombo vyetu vyote vinatumia hiyo mpya, nikaonyesha vijana kuzifunga picha za mwaka mmoja katika faili moja kabla ya kuzihamisha. Wengine hufanya hivyo. Wengine hawafanyi, nao hungoja.

Kosa la mwisho ndilo lililonichukua siku nyingi, maana lilijificha nyuma ya mengine. Kila Jumapili tulinakili diski ya kwanza juu ya ya pili, kwa tahadhari. Kazi ilianza kwa kasi, na baada ya gigabaiti thelathini hivi ikashuka mpaka megabaiti 8 kwa sekunde, pengine chini ya hapo, saa baada ya saa. Waya haukuhusika, diski zote mbili zimo katika sanduku moja. Nikasoma, nikajua kwamba tangu mwaka 2013 zimeuzwa diski ambazo mistari yake ya maandishi hupandana kama mabati ya paa, ili mengi yaingie katika nafasi ndogo. Kusoma hakuna shida. Lakini ukitaka kubadili bati moja lililo chini, huna budi kuyainua yaliyolilalia, na diski hufanya vivyo hivyo: husoma jirani zake wote na kuwaandika upya. Ili mtu asione taabu hiyo, diski hutenga uwanja mdogo wa kupokelea kwa haraka, kisha hupanga vitu mahali pake wakati haitumiki. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba watengenezaji walikuwa wameuza diski za namna hii bila kuitaja, nyingine hata kwa matumizi ya seva za nyumbani. Jina lililobandikwa juu ya yetu halikusema lolote.

Diski yetu, basi, ilihitaji muda wa kukaa bure huku umeme unawaka, ipange mambo yake. Na sisi, watu wa umeme wa jua, tuliizima seva kila jioni mara tu kazi ilipokwisha, ili kuhifadhi betri. Tuliiona kuwa ni busara ya matumizi. Kila asubuhi diski iliamka na uwanja uliojaa vitu vya jana visivyopangwa.

Fedha ya diski nyingine haikuwapo. Tulibadili zamu. Sasa kunakili hufanywa saa tatu asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, tena kwa sehemu zisizozidi gigabaiti ishirini kwa siku. Na kuanzia saa sita mpaka saa kumi, betri zikiwa zimejaa na umeme wa juani hauna pa kwenda, seva inawaka na hakuna ruhusa ya kuigusa. Mjomba alipoelezwa jambo hili hakuona la ajabu. Aliuliza tu ni nani msimamizi wa zamu, nikamwambia ni binti yangu, ambaye ndiye aandikaye daftari: tarehe, waya, waifai, diski, hali ya mawingu.

Alirudi na wageni wake baada ya mavuno. Mazungumzo ya mzee wa Samunge yalifunguka kabla hatujamaliza kusalimiana, wakasikiliza mpaka mwisho, wakarudisha mara mbili pale anapotaja majina ya mifereji. Kisha mjomba akataka yale ya bibi. Nikamwambia kwamba hayo hayakupata kuingia humu. Akanyamaza, akauliza kadi yenyewe ilikuwa ya rangi gani, kwa maana alikuwa akisafiri kwenda Karatu wiki ile. Nilimwambia ni nyeusi, ndogo kama ukucha. Aliwauliza makondakta wa basi kwa siku mbili. Kadi haijaonekana.